Njia Ni ya Trekta, Sisi Tumeazimwa

Hotuba kwa waendesha baiskeli wanaozungumza Kiswahili kusini-magharibi mwa Ujerumani, kabla ya msimu kuanza

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mliochelewa kwa sababu ya treni, karibuni, viti vipo huku mbele.

Leo hatutajadili ununue baiskeli gani. Karibu kila mmoja hapa anayo tayari, na waliouza wamekwisha kula hela zao. Tutazungumzia njia: zile nyembamba za lami na zege zinazotoka Speyer, zikafuata tuta la mto Rhine, zikakatiza mashamba ya mboga, zikapanda kwenye mizabibu ya Pfalz na kuishia vijijini chini ya msitu. Ukiitazama ramani unaona mtandao mzima usio na magari, ukadhani kuna mtu serikalini aliyewapenda sana waendesha baiskeli. Sivyo. Nyingi ya njia hizo zina kazi nyingine. Ile iliyo nyuma ya tuta ni ya kupitishia malori ya mifuko ya mchanga mafuriko yakija. Ile ya zege katikati ya mizabibu ni ya trekta. Kichochoro cha kijijini kilikuwa cha mkokoteni wa zabibu. Sisi tumeazimwa tu. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Hiki kinasitiri, mradi umjue mwenyewe ni nani, maana kila njia huchafuka, huharibika na hufungwa kwa sababu za mwenyewe, wala si zako.

Tuanze na mto. Rhine ya zamani hapa haikuwa mfereji huu ulionyooka. Ilijipinda kama nyoka, ikahama kila baada ya mafuriko, ikameza vijiji. Mhandisi wa Baden, Johann Gottfried Tulla, ndiye aliyeanza kuinyoosha mwaka 1817, kwa kuikata mipindo mmoja baada ya mwingine. Yeye alifariki mwaka 1828, na kazi ikaendelea hadi 1876. Kati ya Basel na Worms mto ulifupishwa kwa kilomita 81, kutoka 354 hadi 273. Mipindo iliyokatwa ipo mpaka leo, maji yamesimama, mierebi imeinama pembeni. Ndiyo maana ukifuata mto huwezi kwenda moja kwa moja: njia inazunguka kila mkono wa zamani, na kilomita 15 za kwenye ramani zinakuwa 20 miguuni.

Mwaka ule ule wa 1817, tarehe 12 Juni, katika uwanda huu huu, Karl Drais alitoka Mannheim akiwa juu ya mashine ya mbao yenye magurudumu mawili, haina pedeli, uzito wake zaidi ya kilo 20, akijisukuma kwa miguu ardhini. Alikwenda upande wa Schwetzingen hadi nyumba ya kubadilishia farasi wa posta, akarudi, kama kilomita 13 kwa jumla, chini ya saa moja. Kwa hiyo mkiwa Mannheim msione aibu kwenda polepole. Baiskeli ya kwanza ilijaribiwa hapa kwa sababu mbili zinazotuhusu hata sasa: ardhi ni bapa, na barabara ilikuwa nzuri.

Ubapa huo una bei yake, nayo ni upepo. Upepo wa kawaida hapa hutoka magharibi na kusini-magharibi, na kwenye uwanda hakuna cha kuuzuia. Watu wa pwani wanaujua upepo wa mbisho chomboni. Kwenye baiskeli ni ule ule. Ukienda kilomita 28 kwa saa na upepo wa kilomita 20 unakuja usoni, hewa inakupiga kwa kilomita 48. Upinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo unapambana na karibu mara tatu ya ule ambao ungekutana nao siku shwari. Hapo mtu anakaza miguu alinde wastani wa kwenye saa yake, na kufika Germersheim amekwisha. Siku ya mbisho tupa wastani, tazama juhudi. Na upange safari uanze kwa kuukabili upepo asubuhi, kwa sababu majira ya joto upepo huzidi kuamka kadiri jua linavyopanda. Kurudi jioni unasukumwa.

Kuna jambo ambalo wenyeji hawalisemi kwa kuwa kwao ni la kawaida. Tuta lina njia mbili: moja juu mgongoni, mara nyingi changarawe au nyasi, na nyingine chini upande wa nchi kavu, mara nyingi lami ya upana wa mita tatu hivi. Sasa fikirini. Upande wa Pfalz, yaani ukingo wa magharibi, nchi kavu iko magharibi ya tuta, kwa hiyo upepo wa magharibi unakupiga ubavuni bila kizuizi. Upande wa Baden, ng'ambo, nchi kavu iko mashariki, na tuta lenyewe linakukinga. Siku ya upepo mkali unavuka kwa pantoni, kwa mfano ile ya Leimersheim kwenda Leopoldshafen, ukafanye safari yako ng'ambo kwenye kivuli cha tuta. Ila pantoni zina ratiba ya msimu, na mto ukijaa hazivuki. Angalia kabla ya kuondoka nyumbani. Kujua pale gatini ni kuchelewa.

Mto kujaa si jambo la majira ya baridi peke yake. Rhine hubeba theluji ya milima ya Alpi, kwa hiyo mwezi wa tano na wa sita, mvua ikiongezeka, maji hupanda. Kipimo cha kutazama ni cha Maxau, karibu na Karlsruhe. Kikifika mita 7.50 meli zote husimamishwa, lakini njia zilizo kati ya tuta na mto huwa zimezama zamani. Njia ikiwekewa kizuizi cha rangi nyekundu na nyeupe, usikizunguke. Tuta lililolowa ni dhaifu, na wanaolilinda wanahitaji lile lami kwa magari yao. Maji yakishuka, kaa wiki moja. Yanaacha utando wa tope laini ambao kwa macho ni vumbi la kawaida, lakini tairi likiupanda kwenye kona ni mlenda mtupu. Mtu haanguki kwa sababu ya kasi, anaanguka kwa sababu alipiga usukani. Ukijikuta juu yake, acha kukanyaga, acha breki, nyoosha baiskeli, ipite yenyewe.

Na mbu. Baada ya mafuriko wanatoka kwa mawingu katika misitu ya mtoni, hasa jua linapozama. Zamani bonde hili lilikuwa na malaria kweli, na kunyooshwa kwa mto kulichangia kuiondoa. Siku hizi kuna umoja wa manispaa za kandokando ya Rhine, ulioanzishwa 1976, unaomwaga dawa ya kuua viluwiluwi, hata kwa helikopta. Dawa yenyewe ni bakteria wa Bti, jamii ile ile inayotengenezwa kwenye kiwanda cha Kibaha, Tanzania. Inapunguza mbu, haiwamalizi. Usitoboke tairi msituni saa moja jioni.

Ukiuacha mto unaingia kwenye mboga: Schifferstadt, Mutterstadt, mpaka karibu na mizabibu. Figili, saladi, vitunguu vya majani, na asparaga, ambayo kwa desturi huvunwa hadi tarehe 24 Juni. Hapa mwenye njia ni mkulima wa mboga, na kinachochafua njia yake ni maji na udongo. Mitambo ya kumwagilia inazunguka, na mkono wake mara nyingi unafika barabarani. Simama, hesabu mzunguko mmoja, pita unapogeukia upande mwingine. Udongo unaodondoka kwenye magurudumu ya trekta ukilowa unateleza kama sabuni. Ukikauka unabaki matuta magumu kama tofali, na tairi jembamba likiyagonga kwa ubavu linakutupa. Kuna njia ya baiskeli inayopita huku sambamba na mizabibu, kutoka Schweigen-Rechtenbach hadi Bockenheim, inaitwa Kraut-und-Rüben-Radweg. Jina lake ni kabichi na viazi-sukari vya mashambani, lakini kwa Kijerumani msemo huo una maana ya shaghalabaghala pia. Wameitendea haki.

Kati ya Germersheim na Landau pana kijito cha Queich, na malisho yake yanamwagiliwa kwa milango ya mbao na mifereji, utaratibu wa zamani sana. Maji yakifunguliwa, korongo weupe wanashuka kwa makumi kula. Kijiji cha Bornheim kina kituo chao. Msiwaambie watoto kwamba hawa ndio wanaokuja Serengeti: wanaofika kwetu ni wale wa Ulaya mashariki wanaopitia Bosporus. Wa upande wa Rhine wengi huenda Hispania na Afrika Magharibi. Tazama, piga picha, lakini ukiwa umesimama.

Sasa mizabibu, na hapa tutakaa kidogo.

Pfalz ina zaidi ya hekta 23,000 za mizabibu, eneo la pili kwa ukubwa Ujerumani baada ya jirani yake Rheinhessen. Barabara maarufu, Deutsche Weinstraße, ilizinduliwa mwaka 1935, ina urefu wa karibu kilomita 85. Ni nzuri kwa gari. Kwa baiskeli siku ya Jumapili ya jua ni kero tupu: magari yanatafuta maegesho, pikipiki zinatoka msituni. Isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, ambapo hufungwa kwa magari nayo ikawa ya watu na baiskeli, na hapo tatizo ni umati. Siku nyingine zote, ingia mita mia chache pembeni, kwenye njia za mashamba.

Kibao cha duara jeupe chenye ukingo mwekundu na picha ya pikipiki juu ya gari kinazuia vyombo vya injini tu, wewe pita. Duara jeupe tupu lenye ukingo mwekundu, halina picha ndani, linazuia kila chombo, na baiskeli imo, isipokuwa chini yake pameandikwa Radfahrer frei. Maneno Landwirtschaftlicher Verkehr frei yanamruhusu mkulima, hayakuhusu. Watu wengi huchanganya vibao hivi viwili.

Zege lenyewe limemwagwa kwa mabamba. Kati ya bamba na bamba kuna ufa, na penye mteremko bamba moja hukaa juu ya jingine kwa sentimita moja au mbili. Tairi lenye upepo mdogo likipiga ukingo huo, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili yanayotazamana, kama umeumwa na nyoka. Kwingine njia ni mikanda miwili tu ya zege yenye nyasi katikati. Chagua mkanda mmoja, baki nao. Anayejaribu kuhama kwa kuukata ukingo kwa pembe nyembamba, gurudumu la mbele linakwama kwenye nyasi, mwili unaendelea. Ukilazimika kuhama, punguza mwendo, pinda zaidi, uvuke ukingo kwa karibu pembe mraba. Vivyo hivyo kwa ile mifereji ya kukatiza njia kwenye mteremko, iliyowekwa kimshazari ili kutoa maji ya mvua: inyanyukie kidogo kwenye pedeli, viwiko vilegee, ikatize pembe mraba.

Miinuko si mirefu lakini mingine ina asilimia 10 hadi 15, na ni mingi, kwa sababu vijiji vingi vimekaa pale kijito kinapotoka msituni. Unateremka kuingia kijijini, unapanda kutoka, unateremka tena. Kutoka Landau hadi Neustadt hakuna mlima, na bado miguu inajua. Gia ya mbele ya meno 50 na 34, nyuma 11 hadi 34, inatosha. Kwa 34 mbele na 34 nyuma, ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.7 kwa saa, mwendo ambao bado una msawazo. Ukiwa na friwili ya zamani inayoishia 25 na sahani ya mbele ya 39, kwa mizunguko hiyo hiyo unalazimika kwenda kilomita 12, na kwenye asilimia 12 wachache wanaweza. Wanaotaka mlima halisi upo: Kalmit, mita 673, kilele cha juu kabisa cha Pfälzerwald. Kutoka Maikammer unapanda karibu mita 500.

Trekta la mizabibu ni jembamba, kwa kuwa linapita kati ya safu zenye nafasi ya kama mita mbili. Linatoka mwisho wa safu ghafla, majani yameziba kila kitu, na dereva amevaa vizuia sauti masikioni. Kengele yako haisikiki. Kuanzia mwezi wa sita, majani yakishafunga, sikiliza wewe: ukisikia injini usione trekta, kaa katikati ya njia, si pembeni ya safu, na mkono uwe kwenye breki. Ukikutana nalo uso kwa uso, wewe ndiye unayeshuka kwenye nyasi. Nyanyua mkono, sema Morgen hata kama ni saa nane mchana, nawe utajibiwa.

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane wanapuliza dawa ya ukungu, shaba na salfa na nyinginezo. Unaona wingu jeupe likisogea kati ya safu. Usipite upande unakopeperukia. Simama upande unakotokea upepo, dereva atafika mwisho wa safu na mara nyingi atafunga bomba akikuona. Ikikupata, suuza mikono na midomo ya chupa kabla ya kula.

Mwezi wa tisa na wa kumi ni mavuno. Mashine ya kuvuna ina kimo cha nyumba, inatembea juu ya safu huku mzabibu ukipita katikati ya miguu yake, na hufanya kazi hata usiku. Matrela yaliyojaa yanamwaga maji ya zabibu kwenye kila kona. Maji hayo yana sukari nyingi, yanateleza yakiwa mabichi na kunata yakikauka, na yanaita nyigu. Funga kifuniko cha chupa, na usinywe bila kuutazama mdomo wake. Pia kuna mizinga ya gesi ya kufukuza ndege, hasa kwezi. Inalia kama bunduki, bila ratiba. Mwambie mgeni mapema. Mtu akishtuka katikati ya kundi, watu wanne wanaanguka.

Majira ya baridi, mwezi wa kwanza na wa pili, mizabibu inakatwa matawi na vichaka vya pembeni vinafyekwa. Hapo ndipo pancha zinapozaliwa, na nyingi si za chupa, ni za mwiba wa vichakani. Mwiba huo ni mdogo, unavunjika ndani ya tairi, na milimita moja tu inabaki imejitokeza kwa ndani. Mtu anabadilisha tyubu, anajaza, anakwenda kilomita mbili, pancha tena, analaumu tyubu. Fanyeni hivi. Kabla ya kuvua tairi, hakikisha maandishi ya kampuni yamekaa sawa na vali; kama hukuyapanga nyumbani, weka alama kwa kalamu. Toa tyubu, ijaze, isogeze karibu na mdomo, midomo ya mtu huhisi upepo kuliko kidole. Ukipata tundu, ipime tyubu dhidi ya tairi kuanzia valini, na mwiba utakuwa mahali hapo, au umbali ule ule upande wa pili wa vali kama uliigeuza. Pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, usipitishe kidole, kitambaa kitanasa. Usiuvute kwa kucha, usukume kutoka ndani kwenda nje kwa ncha ya funguo. Kisha jaza tyubu mpya kidogo tu ishike umbo, ingiza, malizia tairi kwa viganja upande wa vali mwisho kabisa, sukuma vali ndani kidogo uone haikubanwa, ndipo ujaze. Mtungi mmoja wa gesi wa gramu 16 unatosha tairi moja, lakini gesi hiyo hupenya mpira haraka. Kesho yake jaza upya kwa pampu. Wenye tairi za tubulesi, yaani zisizo na tyubu, mwiba huu hamtausikia kabisa, mradi maji ya kuziba hayajakauka. Ongezeni kila baada ya miezi mitatu hivi, upesi zaidi kukiwa na joto.

Kijijini. Deidesheim, Forst, St. Martin, Rhodt: nyumba za mawe zenye lango kubwa la tao, na nyuma yake ua wa mtengenezaji mvinyo. Trekta likitoka langoni, pua yake iko barabarani kabla dereva hajaona chochote. Kaa mbali na ukuta. Kwenye vichochoro vya zamani mawe yamepangwa na mfereji wa maji uko katikati. Upana wake unalingana na tairi lako, kwa bahati mbaya.

Lakini hatari kubwa ya kijijini ni sheria moja: penye makutano yasiyo na kibao, anayetoka kulia kwako anapita kwanza. Waliokulia Kongo, Rwanda au Burundi angalau wamezoea kuendesha kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda, shingo inageuka kulia kwa sababu nyingine kabisa, nayo macho hayasemi na mikono. Kichochoro kidogo cha kulia, hata cha upana wa kitanda, kina haki juu ya barabara kuu ya kijiji kama hakuna kibao. Isipokuwa njia ya shamba au ya msitu: anayetoka huko husubiri, hata akiwa kulia. Na anayetoka huko, mara nyingi, ni wewe.

Reli za tramu inayotoka Mannheim kwenda Bad Dürkheim zikatizwe kwa pembe isiyopungua nyuzi 60, na mvua ikinyesha usipige breki juu ya chuma. Vigingi vilivyosimikwa katikati ya njia za baiskeli: wa mbele apige kelele "kigingi!" na anyooshe mkono, kwa sababu wa tatu haoni kitu isipokuwa makalio ya wa pili.

Sheria nyingine kwa haraka. Breki mbili zinazojitegemea na kengele, lazima. Taa zinaweza kuwa za betri na mchana zinaweza kuachwa nyumbani, lakini giza, ukungu au jioni ikiingia ziwake. Helmeti si lazima kisheria. Kwetu ni lazima. Gari linalokupita liache mita 1.5 ndani ya mji na mita 2 nje ya mji. Mkizidi watu 15 mnaweza kuhesabiwa msafara mmoja na kwenda wawili wawili, na wa mbele wakiwa wamepita taa ya kijani, wa nyuma wanafuata kama chombo kimoja. Simu mkononi ni faini ya euro 55. Pombe: kuanzia promili 1.6 kwenye damu ni jinai hata kwa baiskeli, na kuanzia 0.3 ukiyumba au ukisababisha ajali. Glasi ya hapa ya mvinyo na maji ya gesi ni nusu lita. Hesabuni wenyewe.

Wasiokunywa wana bahati, maana kinywaji bora cha njiani ni chao: maji ya zabibu yaliyochanganywa na maji ya gesi, nusu kwa nusu. Nusu lita ina sukari kama gramu 40, ambayo ni mafuta ya karibu saa nzima. Waislamu wakumbuke kwamba Saumagen ni tumbo la nguruwe, na mkate wa vitunguu unaouzwa msimu wa mavuno mara nyingi una vipande vya nyama ya nguruwe ndani. Viazi vya kuchemsha na jibini nyeupe ni salama. Vilabu vya msimu vya watengenezaji mvinyo huruhusiwa kufungua miezi minne tu kwa mwaka, viti visizidi 40, na vingi havifungui mchana. Jumapili maduka yamefungwa, mikate huuzwa saa chache za asubuhi. Kwa hiyo beba chakula. Maji si shida: makaburi ya kila kijiji yana bomba la kumwagilia maua. Ingia kwa heshima, vua helmeti, soma kibao. Pakiandikwa Kein Trinkwasser usinywe. Majira ya baridi hufungwa.

Kwa safari ya kwanza tunapendekeza mzunguko mmoja: Speyer, kando ya tuta hadi Germersheim, kufuata Queich hadi Landau, mizabibu kupitia Edenkoben na St. Martin hadi Neustadt, kisha kurudi Speyer uwandani upepo ukiwa mgongoni. Ni kama kilomita 100. Aliyechoka ana treni Neustadt. Katika eneo la usafiri la Rhein-Neckar baiskeli hupanda bure siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi, na Jumamosi na Jumapili siku nzima, kama nafasi ipo. Jumapili jioni ya jua nafasi haipo. Ondoka kabla ya saa kumi.

Mwisho, upepo wa tairi. Kwa tairi la milimita 28: mwenye kilo 60 aanze na bari 4.2 mbele na 4.5 nyuma, kilo 75, 4.6 na 5.0, kilo 90, 5.3 na 5.6. Mwenye milimita 32 apunguze kama bari moja kote. Wenye rimu zisizo na ndoano ukingoni, msivuke bari 5 kwa hali yoyote, hata uzito wako uweje. Mzito achukue tairi pana zaidi. Pampu yenye kipimo ipo pale mlangoni. Leteni baiskeli moja moja, tuanze na hizi zilizoegemezwa ukutani, ile nyekundu naiona kutoka hapa tairi la nyuma limelala.